Rangi ya Ngozi Isiyotoka

Somo la vikundi: kutia ngozi rangi kwa maganda, magome na chuma



Vikundi vingi vya akina mama na vijana siku hizi vinashona mishipi, sandali, vibeti na mikoba ya ngozi. Kazi ni nzuri, shanga zimepangwa vizuri, bei si mbaya. Shida inaanza siku mvua inaponyesha. Mteja amevaa sandali nyeusi, akifika nyumbani na nyayo zake ni nyeusi pia. Mwingine amefunga mshipi wa kahawia juu ya shati jeupe, jasho limetoka, na shati limekwisha. Mteja kama huyo harudi, na huwaambia wengine wasije. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi watu husema rangi za miti ni dhaifu, afadhali ile ya chupa ya dukani. Si kweli. Kuna rangi za asili zinazoshika ngozi mpaka ngozi yenyewe ichakae, na kuna nyingine zinazopendeza wiki moja tu halafu zinapotea. Fundi anayejua tofauti hiyo hauzi kitu kitakachomwaibisha. Katika somo hili tutaeleza jinsi ya kuijua ngozi yako, jinsi ya kutengeneza kahawia na nyeusi zinazodumu, tuseme kidogo juu ya nyekundu na manjano, halafu tuonyeshe majaribio manne ya kufanya kabla ya kupeleka kitu sokoni.

1. IJUE NGOZI YAKO KWANZA

Ngozi mbichi huoza. Ili isioze ni lazima itengenezwe, na kuna njia mbili kubwa. Njia ya zamani ni kuilaza ndani ya maji ya magome au maganda ya miti kwa wiki kadhaa. Ndani ya magome hayo mna kitu kinachoitwa tanini. Ndicho kile kinachokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea sana. Tanini hushikana na nyuzi za ngozi, nayo ngozi haiozi tena. Njia ya pili ni ya viwanda, kwa kutumia kemikali ya kromu. Sehemu kubwa ya ngozi duniani leo hutengenezwa kwa kromu, kwa sababu ni kazi ya siku chache.

Kwa nini tunayasema haya kabla ya kufika kwenye rangi? Kwa sababu rangi za miti hupatana na ngozi ya magome. Ngozi ya kromu huzipokea shingo upande. Ukinunua mabaki ya ngozi mjini bila kujua ni ya aina gani, unaweza kutumia wiki nzima ukipika magome na ikawa ni kazi bure.

Hebu fanya hivi. Kata ukanda mdogo, upana wa kidole. Tazama mahali ulipokata: ngozi ya kromu ambayo haijatiwa rangi mara nyingi huonyesha kijivu au samawati katikati, na ya magome ni kahawia. Kama bado una shaka, tumbukiza ukanda huo katika maji yanayochemka kwa dakika moja. Ngozi ya magome itajikunja, itafupika na kuwa ngumu kama mfupa. Ya kromu itabaki karibu vile ilivyokuwa.

Jaribio hilo linatufundisha jambo la pili, tena kubwa: usitie ngozi ya magome katika rangi ya moto, hata siku moja. Rangi ipikwe, lakini ipoe kwanza. Kama huwezi kuacha mkono wako ndani ya maji hayo bila kuungua, basi na ngozi isiingie.

2. VIFAA

Huhitaji mashine. Tafuta sufuria kuukuu ambayo haitarudi tena kupikia chakula, ndoo mbili za plastiki, kitambaa cha kuchujia, mwiko, brashi au tambara safi, glavu za mpira na daftari. Usidharau daftari. Tutarudi kwake.

Angalia pia sufuria ni ya nini. Ya chuma huifanya rangi iwe nyeusi-nyeusi hata kama ulitaka kahawia safi. Ya alumini au ya enameli isiyobanduka ni nzuri zaidi.

3. KAHAWIA: MGUNGA NA MUWATI

Kahawia ndiyo mama wa rangi za ngozi. Ukiiweza hii, nyingine zitafuata.

Katika sehemu kavu mti wa kwanza ni mgunga ule wa maganda yaliyobanana kama shanga kwenye uzi. Wamaasai huuita olkiloriti, na magome yake wanayajua sana kwa supu. Wakamba huuita musemei. Wataalamu waliuita Acacia nilotica, na siku hizi huuita Vachellia nilotica. Maganda yake ya mbegu yana tanini nyingi. Huko Sudan watengenezaji wa ngozi wameyategemea kwa vizazi vingi.

Katika nyanda za juu mti ni muwati, ambao Wakikuyu huuita muthanduku. Asili yake ni Australia, na uliletwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya magome haya haya. Gome lake kavu laweza kuwa na tanini asilimia 30 au zaidi ya uzito wake. Maganda ya mgunga hutoa kahawia ya mchanga, na magome ya muwati hutoa kahawia inayovuta wekundu.

Fanya hivi:

(a) Kausha maganda au magome kivulini, kisha yaponde. Usiyasage yakawa unga, kwa maana unga ni shida kuuchuja.

(b) Pima kilo 1 kwa maji lita 5. Kama huna mizani, gorogoro moja iliyojaa vizuri itakuonyesha njia, lakini tumia gorogoro hiyo hiyo kila mara.

(c) Loweka usiku mmoja. Kesho yake pika kwa moto mdogo muda wa saa moja. Yasichemke kwa fujo.

(d) Yapoe, yachuje kwa kitambaa. Usitupe makapi, yanaweza kupikwa mara ya pili upate maji mepesi ya kuanzia.

(e) Osha ngozi kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ili kuondoa mafuta na vumbi, kisha isuuze. Ngozi iingie katika rangi ikiwa na unyevu. Ikiwa kavu itakunywa rangi kwa mabaka.

(f) Anza na maji mepesi kwa nusu siku, halafu uihamishie kwenye maji mazito kwa siku moja hadi tatu. Igeuze asubuhi, mchana na jioni. Isikunjwe wala isigusane na nyingine.

Utauliza: kwa nini nisianze na maji mazito, nimalize mapema? Kwa sababu maji mazito hushika uso wa ngozi kwa nguvu na kuufunga, na ndani rangi haifiki. Ngozi ya namna hiyo ukiikata ukingoni utaona mstari mweupe katikati. Haraka haraka haina baraka.

Ngozi ya kromu nayo inaweza kupokea kahawia kidogo ikilala katika maji ya magome siku kadhaa. Lakini usitegemee rangi nzito.

4. NYEUSI: KAZI YA CHUMA

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Nyeusi nzuri ya ngozi hatuipaki juu. Inazaliwa ndani ya ngozi. Tanini ikikutana na chuma, vitu hivyo viwili hushikana na kuwa kitu kipya cheusi ambacho hakiyeyuki katika maji. Kwa kanuni hiyo hiyo watu walitengeneza wino wa kuandikia kwa mamia ya miaka. Ndiyo maana nyeusi hii haitoki kwenye soksi za mteja: iko ndani ya nyuzi, haiko juu.

Kutengeneza maji ya chuma:

(a) Chukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zinazoshika kutu, au misumari mikuukuu, kiasi cha ngumi moja. Osha kwa sabuni mpaka mafuta yaishe.

(b) Weka katika chupa ya kioo au ya plastiki, umimine siki nyeupe lita 1.

(c) Funika mdomo kwa kitambaa. Usikaze kifuniko, kwa sababu kuna hewa inayotoka na inaweza kupasua chupa. Hewa hiyo pia hushika moto, kwa hiyo weka chupa mbali na jiko na mbali na watoto.

(d) Ngoja wiki moja hadi mbili, mpaka mapovu yaishe. Chuja vizuri.

Asiye na siki asikate tamaa. Mafundi wa vitambaa wa India hutumia sukari guru, maji na vipande vya chuma chenye kutu, wakaviacha vichachuke kwa muda wa wiki mbili tatu. Sukari guru hapa kwetu tunayo.

Kutia nyeusi:

(a) Ngozi iwe imelala katika maji ya magome usiku mmoja, hata kama tayari ni ngozi ya magome. Tanini ikiwa kidogo, utapata kijivu badala ya nyeusi.

(b) Itoe, ipanguse, iache ikauke nusu.

(c) Vaa glavu. Paka maji ya chuma kwa tambara, upesi na kwa usawa, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ngozi itageuka mbele ya macho yako. Ngoja nusu saa. Ikiwa haijakolea, paka mara ya pili.

(d) Suuza kwa maji mengi. Halafu pitisha katika maji yenye magadi kidogo sana, kijiko kimoja cha chai kwa lita 2, ili kuondoa ukali wa siki. Dakika mbili tatu zatosha, kisha suuza tena. Magadi mengi huharibu ngozi.

Hatua hii ya mwisho wengi wanairuka kwa sababu nyeusi imeshatokea na macho yameridhika. Chuma na siki vikibaki kwa wingi ndani ya ngozi, baada ya muda huifanya kavu, ikapasuka kwenye mikunjo. Mshipi utakatika pale pale kwenye tundu la bakoli. Mteja hatajua ni siki. Atajua ni nani aliyemwuzia.

Na faida nyingine: tone moja la maji ya chuma ni kipimo. Ukienda kununua ngozi, beba chupa ndogo. Tia tone upande wa nyuma wa ngozi isiyo na rangi. Ikiwa nyeusi mara moja, ni ngozi ya magome. Ikibaki vile vile au ibadilike kidogo tu, ni ya kromu.

5. NYEKUNDU NA MANJANO

Nyekundu ya zamani katika nchi yetu ni udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta. Wamaasai na Wasamburu waliupaka kwenye mavazi ya ngozi, na Wakikuyu waliuchanganya na mafuta ya mbarika. Unapendeza sana na haupauki juani, kwa sababu rangi yake ni kutu ya chuma iliyokwisha kupigwa na jua miaka mingi. Lakini tuseme ukweli: udongo hauingii ndani ya ngozi. Unakaa juu, na hugawia rangi yake yeyote atakayeugusa. Kwa vazi la ngoma au pambo la ukutani ni sawa. Kwa mshipi wa mteja wa ofisini, hapana.

Hina ni bora zaidi. Rangi yake hushikana na ngozi ya mkono na unywele, na hushikana vile vile na ngozi ya mnyama. Koroga unga wa hina na maji ya vuguvugu uwe kama uji mzito, uache saa kadhaa, upake na uuache usiku mmoja. Utapata rangi ya chungwa inayoelekea kahawia, wala si nyekundu ya damu.

Binzari ya manjano hutoa rangi inayong'aa, lakini jua huipausha upesi. Maganda makavu ya vitunguu pamoja na shabu, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja ya maji, hutoa manjano tulivu yanayovumilia zaidi. Hata hivyo yajaribu kwanza.

6. KUMALIZIA

Ngozi ikitoka kwenye rangi, ikauke kivulini, imenyooshwa kwenye ubao. Jua kali huikausha juu na kuivuta rangi ije usoni kwa mabaka. Kabla haijakauka kabisa, itie mafuta: ya mbarika, au ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchujwa. Paka kidogo kidogo kwa mkono, ukiikunja na kuikunjua ili iwe laini. Ikisha kauka, sugua kwa nta ya nyuki, kisha ing'arishe kwa kitambaa cha sufu. Nta ndiyo inayozuia mvua.

7. MAJARIBIO MANNE KABLA YA KUUZA

Kata kipande kimoja kutoka kila ngozi uliyotia rangi na ukifanyie hivi:

Kusugua. Sugua mara kumi kwa kitambaa cheupe kikavu, kisha mara kumi kwa kitambaa kibichi. Kitambaa kikibadilika sana, rudisha ngozi ikasuuzwe.

Maji. Lowesha kipande, kibane kati ya vitambaa viwili vyeupe, weka jiwe juu, uache usiku mmoja.

Jasho. Fanya vivyo hivyo kwa maji yenye chumvi kidogo. Hili ni jaribio la mishipi, mikanda ya saa na sandali.

Jua. Funika nusu ya kipande kwa kadi nene, kiweke juani wiki mbili, halafu ufunue. Nusu mbili zikitofautiana sana, rangi hiyo ni ya vitu vya ndani ya nyumba tu.

Sasa daftari. Andika jina la mti, mwezi uliochuma, uzito, kiasi cha maji, siku ambazo ngozi ililala, na aina ya ngozi. Gundisha na kipande chenyewe. Mteja akiagiza mikoba 20 ya rangi moja, daftari ndilo litakalokuokoa. Bila daftari, kila mkoba utakuwa na rangi yake, na mteja atachagua mitatu na kukurudishia 17.

8. MTI USIFE

Rangi nzuri inayoua mti ni mtaji unaoliwa. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia sehemu ya ndani ya gome. Ukilibambua gome kuzunguka shina lote, umeukata koo mti huo. Hautakufa leo, lakini utakufa.

Kwa hiyo tuanze na maganda ya mbegu yaliyoanguka. Mgunga huyatoa tena mwaka unaofuata bila kuumizwa. Lakini tukubaliane na wachungaji, kwa maana mbuzi nao huyahitaji kiangazi. Kwa magome, tutumie ya miti iliyokwisha kukatwa kwa nguzo au kuni. Muwati hukatwa kila mara na magome yake mara nyingi huachwa yaoze. Kama ni lazima kubambua mti ulio hai, chukua ukanda mmoja wa wima, usiozidi upana wa kiganja, upande mmoja tu.

Mizizi iachwe. Huko pwani wasusi wa mikeka wanaijua mizizi ya mdaa kwa kutia ukili rangi nyeusi, lakini sisi tunayo nyeusi ya chuma isiyohitaji kuchimba. Na msandali, ambao zamani ulitoa rangi nyekundu ya ngozi, usiguswe kabisa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Pwani vile vile, magome ya mikoko yasichukuliwe bila kibali cha idara ya misitu.

Tena usijaribu mti usioujua. Olmorijoi, kwa mfano, ndio mti wa sumu ya mishale. Muulize mzee kabla ya kutia panga. Na maji ya rangi yaliyokwisha kazi yamwagwe katika shimo mbali na kisima. Yasimwagwe kijitoni, kwa sababu hudhuru samaki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ngozi tunayonunua sasa ni ya magome au ya kromu? Nani kati yetu ameipima?

2. Ni miti gani karibu nasi ina maganda au magome ya rangi? Wazee wanaitaja kwa majina gani, na waliitumia kwa kazi gani?

3. Katika miezi sita iliyopita, ni vitu vingapi vilirudishwa kwa sababu ya rangi? Hasara ilikuwa shilingi ngapi?

4. Tutakubaliana vipi na wenye mifugo juu ya maganda ya mgunga?

5. Nani atatunza daftari?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, kikundi kitengeneze vipande sita: viwili vya kahawia, viwili vya nyeusi, kimoja cha hina na kimoja cha maganda ya vitunguu. Vifanyiwe majaribio yote manne, na matokeo yaandikwe hata kama ni mabaya. Rangi itakayoshinda majaribio ndiyo ipelekwe sokoni. Itakayoshindwa ibaki nyumbani mpaka tujue sababu.